Kompyuta ya gemu katika joto na chumvi ya Mombasa: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii mengi yanataka kujua kitu kimoja: fedha nyingi iende kwenye kifaa gani? Kila mtu ana kadi ya grafiki akilini, ile inayochora picha za gemu. Mimi nitawarudisha nyuma kidogo. Hapa Pwani, kabla ya kadi, fikirieni pawa saplai, kifaa kinachopokea umeme kutoka ukutani, na njia ambayo joto litapita kutoka nje ya kasha. Mengine yote yanategemea hayo mawili.

Nimechanga shilingi 80,000 kwa kazi ya bodaboda. Nataka kuunga kompyuta ya gemu kwa mikono yangu. Nianze kununua nini? (Kijana wa Kisauni)

Hongera kwa kuchanga, kaka. Usinunue chochote bado. Andika kwenye karatasi gemu tatu unazozicheza kweli, kisha andika aina ya skrini uliyonayo. Skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde itabaki na hizo 60, hata kadi yako ikitoa 140. Ukilipia hizo nyingine, umelipia kitu usichokiona.

Sasa toa fedha ya pawa saplai, ikunje, iweke kando. Hiyo haiguswi. Katika kilichobaki, karibu nusu iende kwenye kadi. Kwa skrini ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080), kadi ya RX 6600 yenye kumbukumbu ya GB 8 inacheza gemu nyingi vizuri, nayo inavuta wati 132 tu. RTX 3060 ya GB 12 ni nzuri pia, ila inavuta wati 170, na wati ni joto: kila inachokula inakirudisha chumbani mwako.

Upande wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, Core i3-12100F ina kora 4, Ryzen 5 5600 ina kora 6, na zote mbili zikinunuliwa mpya ndani ya boksi huja na feni. Ningekuwa mimi, ningechukua ya pili: ina kora zaidi, na madabodi yake (ubao mkuu) ya aina ya AM4 inatumia RAM, kumbukumbu ya kazi, ya kizazi cha DDR4. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu nyingi kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Basi ukipata DDR4 ya mtumba uliyoiona ikifanya kazi kwa macho yako, usiidharau.

Fedha ikikupungukia, usikimbilie kadi mbovu. Chukua Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake. Cheza gemu nyepesi miezi michache huku ukichanga, kadi itakuja.

Mwanangu yuko sekondari. Anasema nimnunulie kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, ataongeza kadi na itakuwa ya gemu. Ananidanganya? Na tokeni zangu za umeme je? (Mama wa Mtopanga)

Hakudanganyi, mama. Wengi wameanza hivyo, na kama fedha ni kidogo ni njia ya heshima. Ila aende dukani akijua mambo matatu, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoumia.

La kwanza ni umbo. Kompyuta hizi huja za mnara na huja za bapa, zile nyembamba ambazo ofisini hulazwa chini ya skrini. Mwanao akuombe ya mnara. Ile bapa inapokea kadi fupi za nusu urefu peke yake, ambazo ni chache na bei yake haipungui. Saplai yake pia ni ndogo. Dell OptiPlex 7010 bapa ya zamani, kwa mfano, ina ya wati 240. Zaidi ya hapo, nyingi ya mashine hizi zina saplai na plagi za umbo lao wenyewe, hivyo huwezi kwenda dukani Digo Road ukanunua saplai ya kawaida ukaichomeka.

La pili ni chakula cha kadi. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75, basi. Kadi inayohitaji zaidi ya hizo inataka waya wake kutoka kwenye saplai, na mashine nyingi za ofisi hazina waya huo. Kadi kama GTX 1050 Ti imetengenezwa kwa wati 75, na nyingi zake hazihitaji waya wa ziada. Ni ya zamani, lakini gemu za mpira na zile nyepesi za kushindana itazicheza.

La tatu wauzaji hawalisemi. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mwanao asome namba iliyo baada ya kistari: i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-4570 ni cha 4. Akinunua ya kizazi cha 4 kwa sababu ni rahisi, ajue kwamba gemu kama Valorant, ikiwa kwenye Windows 11, hukataa kufunguka bila TPM 2.0 na ulinzi wa kuwashia (Secure Boot) uliowashwa kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Mtoto atalia, mama, na fedha imeshatoka.

Kuhusu tokeni, piga hesabu pamoja naye. Mashine inayovuta wati 300, ikichezwa saa 4 kila siku, ni yuniti 36 kwa mwezi. Hii ya ofisi yenye kadi ndogo itakula chini ya nusu ya hapo. Angalia tu isikuvushe kwenye yuniti 100 kwa mwezi, kwa sababu kupita hapo unaingia kundi la bei ya juu.

Nakaa Mji wa Kale, dirisha langu linatazama bahari. Nimependa kasha lenye kioo mbele na taa za rangi. Wewe wasemaje? (Msomaji wa Mji wa Kale)

Nasema liache hapo dukani, ndugu yangu, na nitakueleza kwa nini.

Feni ya kompyuta haitengenezi baridi. Inachofanya ni kuchukua hewa ya chumbani na kuipitisha juu ya chuma chenye moto. Februari na Machi, kaskazi ikiwa imetulia, mchana wetu hufika nyuzi 32 au 33, na chumba kilichofungwa huzidi hapo. Hapo ndipo mashine yako inapoanzia. Aliye Limuru, kule bara kwenye baridi, anaanzia chini zaidi kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo video ya mtu wa huko akisifu kasha la kioo haikuhusu. Kioo kikiziba mbele, hewa inaingia kwa kupenya pembeni, kadi inapanda joto, kisha inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Unabaki na kadi ya bei inayocheza kama ya nusu bei.

Chukua kasha la wavu mbele. Weka feni mbili mbele za kuingiza hewa na moja nyuma ya kuitoa. Wavu uwe na kichujio unachoweza kukivua, ukioshe kwa maji, ukikaushe juani, kwa sababu vumbi letu lina unyevu na likishika halipulizwi likatoka. Watu huniuliza kuhusu kupoza kwa maji. Maji nayo hupozwa na hewa ileile ya chumbani, hayawezi kushuka chini yake. Kwa prosesa ya wati 65, feni nzuri ya kawaida inatosha na haina bomba la kuvuja.

Sasa chumvi, maana wewe uko kinywani mwa bahari. Nimefungua kompyuta zilizokaa miaka miwili kwenye dirisha kama lako. Skrubu zimeshika kutu, na miguu ya shaba ya RAM imeota ukijani. Hewa ya bahari ikitua juu ya shaba na unyevu ukawepo, kazi imeanza. Hivyo isogeze mashine mbali na dirisha. Iinue juu ya meza, na uache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Kuta zenu za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyatema polepole, hasa masika.

Na iwashe. Kompyuta inayotumika kila siku hukaa na uvuguvugu, unyevu haupati pa kutua. Inayoharibika haraka ni ile iliyofunikwa nailoni miezi mitatu mwenyewe akiwa safarini. Kama una AC, usiwe mtu wa kuipooza nyumba hadi nyuzi 18 halafu ukafungua madirisha papo hapo. Hewa yetu nzito ikigusa chuma baridi inageuka matone, kama unavyoyaona kwenye chupa ya soda iliyotoka frijini.

Taa za rangi hazina dhambi. Ziweke, mradi hewa imepita.

Kasha nililonunua limekuja na saplai ya "wati 700" bure. Rafiki zangu wanasema inatosha. Nami umeme hukatika mara kwa mara. (Kijana wa Likoni)

Miaka kadhaa nyuma niliunga kompyuta ya kijana wa jirani. Fedha ilikuwa imebana, tukakubaliana tutumie saplai iliyokuja na kasha. Usiku mmoja umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, saplai ikafa, ikafa na madabodi na diski. Kwenye diski hiyo kulikuwa na picha za harusi ya dada yake, na hapakuwa na nakala nyingine. Nilikuwa mimi niliyemwambia itatosha. Kwa hiyo kwenye jambo hili nitakuwa mkali kwako, unisamehe.

Igeuze saplai yako, soma kibandiko cha pembeni. Tafuta mstari wa 12V, kwa sababu prosesa na kadi zinakula kutoka hapo. Zidisha ampea za mstari huo kwa 12. Kama imeandikwa ampea 25, hiyo ni wati 300, hata ubavuni waandike 700 kwa herufi za dhahabu. Ipime na mkononi pia. Saplai nyepesi kama boksi la biskuti ina kidogo sana ndani yake.

Ya kununua ni yenye alama ya 80 Plus Bronze au zaidi, kutoka kwa kampuni inayotoa waranti ya miaka. Alama hiyo inapima jinsi saplai isivyopoteza umeme. Peke yake haithibitishi kwamba kila kinga imo ndani, ndiyo maana nimetaja waranti. Kwa kadi ya wati 130 hadi 170, wati 550 za kweli zinakutosha na kubaki.

Kisha ukutani. Umeme wetu ni volti 240 kwenye karatasi. Mitaani hushuka na kupanda, na pigo baya huja umeme unaporudi baada ya kukatika. Hakikisha soketi yako ina ethi, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Mwite fundi aipime, usiamini tundu la tatu kwa kuliona tu. Ukiweza, weka UPS, boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, yenye kurekebisha volti. Angalia wati zake, usisome VA pekee: nyingi za 650VA zinabeba wati 360 au karibu na hapo. Inakupa dakika chache za kuzima kwa adabu, haikupi muda wa kumaliza mechi. Ukikosa UPS, hata ile kinga ya friji inayosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme ni bora kuliko waya mtupu. Usiku wa mvua na radi, chomoa.

RAM kijiti kimoja cha GB 16 au viwili vya GB 8? (Msomaji wa Changamwe)

Viwili. Prosesa inazisoma njia mbili kwa wakati mmoja, na kwenye gemu utaiona tofauti. Kama madabodi ina matundu manne, hesabu kutoka kwa prosesa, weka la pili na la nne. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM (kwa AMD ya DDR5 ni EXPO), la sivyo RAM itakimbia kwa kasi ndogo kuliko uliyoilipia. DDR4 na DDR5 haziingiliani tundu, usilazimishe.

Nacheza mtandaoni na wenzangu, kila nikifyatua naambiwa nimekufa kitambo. Nibadilishe kadi? (Kijana wa Bamburi)

Hapana, kaka, fedha yako ibaki mfukoni. Nyaya za intaneti za baharini zinaingia nchini hapahapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Lakini seva ya gemu, kompyuta kuu inayowaunganisha wachezaji, haipo Mombasa. Mwanga ndani ya waya hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Johannesburg iko karibu kilomita 2,800 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 28 hata njia ingekuwa kamilifu, na haiwi. Seva ya Frankfurt ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kadi haifupishi bahari. Chagua seva iliyo karibu zaidi kwenye mipangilio ya gemu, na uvute waya kutoka kwenye ruta badala ya Wi-Fi ya kupita kuta mbili.

Nimeunga kila kitu, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nimeharibu? (Dada wa Mikindani)

Huenda hujaharibu kitu, dada. Tazama kwanza waya wa skrini: uwe kwenye kadi, si kwenye madabodi. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni haina grafiki, tundu la madabodi halitatoa picha kamwe. Kisha ile plagi ya matundu 8 juu karibu na prosesa, wengi huisahau. Halafu chomoa RAM, irudishe, bonyeza hadi isikike ikibana. Kama ni DDR5, siku ya kwanza mashine hujifunza RAM yake na inaweza kukaa kimya dakika kadhaa. Iwashe, nenda ukachemshe chai, usiizime katikati.