Maswali ya Wasomaji: Yuti za Australia zinaweza kuifufua El Camino?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya jambo moja: pikapu yenye mwili wa gari dogo, ile Waaustralia wanayoiita yuti. El Camino ilikuwa gari la aina hiyo la Chevrolet ya Marekani, na Holden ilikuwa kampuni ya General Motors huko Australia iliyotengeneza yuti. (Tunaandika "yuti" kwa makusudi. Tukiiandika kwa herufi zao, "ute", msomaji wa Kiswahili atafikiria yai. Kwenye jina la modeli, Holden Ute, tumeiacha ilivyo.)

Swali: *Sisi wapenzi wa magari hapa Houston tumegawanyika. Wapo wanaosema kwa kuwa Holden Ute za 2001 zinatimiza miaka 25, umri ambao sheria ya Marekani inaruhusu gari kama hilo liingizwe, El Camino imefufuka. Wengine wanasema ushuru wa kuku uliiua na utaendelea kuiua. Mhariri, tuamulie.* – Msomaji, Texas

Jibu: Pande zote mbili zimekosea, na kosa la upande wa pili ndilo linalorudiwa zaidi, kwa hiyo tuanze nalo.

Ushuru wa kuku ni asilimia 25 ambayo Marekani huitoza pikapu zinazotoka nje tangu 1964. Ulikuwa jibu kwa Ulaya iliyokuwa imeweka ushuru kwa kuku wa Marekani. Ni kweli umezuia pikapu nyingi. Lakini mkataba wa biashara huru kati ya Marekani na Australia ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005, na ushuru huo ukaondolewa kwa yuti zilizotengenezwa Australia. Ndiyo maana Machi 2008, kwenye maonyesho ya New York, General Motors ilileta Pontiac G8 ST: Holden Ute yenyewe, usukani kushoto, V8 ya lita 6.0, nguvu farasi 361. Januari 2009 mpango ukafutwa kabla gari hata moja halijauzwa. Kilichoua hapo ni kuanguka kwa soko la magari. Mwezi Aprili chapa nzima ya Pontiac ilitangazwa kufungwa, na Juni General Motors ikaomba ulinzi wa mufilisi. Kuku hawakuhusika.

Sasa wale wa "imefufuka". El Camino ilianza kama modeli ya 1959 kuijibu Ford Ranchero ya 1957, ikasimama baada ya 1960, ikarudi 1964, ikaenda hadi 1987. Ranchero ilikuwa imeshakoma 1979. Katikati hapo ziliingia Chevrolet S-10 na Ford Ranger, pikapu ndogo zenye chesisi imara zilizobeba mzigo ambao mnunuzi wa El Camino alihitaji kubeba. Modeli huishi kwa kiwanda kinachotoa milango, vioo, taa na kompyuta za injini kila siku. Kiwanda cha Holden pale Elizabeth, Australia Kusini, kilifunga milango tarehe 20 Oktoba 2017, na Ford Falcon Ute ilikuwa imekoma mwaka mmoja kabla. Yuti zinazoingia moja moja kwa meli haziwezi kuifufua El Camino. Zinachoweza ni kukuwekea uani gari la ukoo uleule, na hilo kwetu linatosha kabisa kuwa sababu ya kuagiza.

Maana ukoo ni mmoja. Mwaka 1932 mke wa mkulima wa Victoria aliiandikia Ford Australia akiomba gari la kwenda kanisani Jumapili bila kulowa, na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Lewis Bandt, mchoraji kijana wa kiwanda cha Geelong, akaunganisha kibanda cha gari dogo na sanduku la mzigo kuwa bati moja. Likatoka 1934. Wamarekani walilipokea wazo hilo miaka zaidi ya 20 baadaye.

Swali: *Nimepata Holden Ute SS, aina ya VU, muuzaji anasema ni ya 2001. Niko Arizona. Nianzie wapi ili isikwame bandarini?* – Msomaji, Phoenix

Jibu: Anzia kwenye tarehe, kabla hujatuma hata senti. Sheria inahesabu miaka 25 tangu gari litengenezwe, kwa mwezi. Lililotoka kiwandani Machi 2001 linaruhusiwa Machi 2026. Mtego upo hapa: magari ya Australia yana kibati cha kuthibitisha kwamba gari limetimiza kanuni za nchi, nacho kina mwezi wake, lakini si lazima uwe mwezi wa kutengenezwa. Unachotaka ni kibati cha kiwanda, kwenye chumba cha injini. Mwambie muuzaji akipige picha pamoja na namba ya chesisi, ambayo lazima ianze na 6, namba ya Australia. Namba hizo zifanane herufi kwa herufi na hati ya umiliki. Herufi moja ikipishana, forodha watasimamisha kila kitu.

Karatasi ni hizi. Fomu HS-7 ya usalama, weka alama kisanduku namba 1. Fomu 3520-1 ya moshi, tumia herufi E, inayohusu gari la miaka 21 au zaidi lenye injini yake ya asili. Ukikuta mtu ameshabadilisha injini na kuweka ya aina nyingine, herufi E haikufai, achana na gari hilo. Halafu fomu ya kuingiza mzigo, 7501, ambayo wakala wa forodha ataijaza. Kwa gari linalosafiri ndani ya kontena, taarifa ya mzigo lazima ifike forodha ya Marekani saa 24 kabla kontena halijapakiwa melini. Watu hufikiri ni kabla ya meli kufika, wakapigwa faini inayofika dola 5,000. Kiwango cha ushuru muulize wakala kwa maandishi wiki unayolipia meli, kwa sababu tangu 2025 viwango vya magari vimekuwa vikibadilika.

Kusafirisha: kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa karibu mita 5.9, na yuti yako ni kama mita 5 na kidogo. Inaingia. Upana ndio unaobana. Ukishaiingiza, kila upande unabaki na nafasi ya kama sentimita 25, mlango haufunguki, na anayeliendesha hutokea dirishani. Basi mwambie muuzaji ahakikishe dirisha la dereva linashuka. Betri ichomolewe, mafuta yabaki kidogo.

Na waoshe chini. Si kwa urembo. Marekani haipokei gari lenye udongo wa nje, na yuti iliyofanya kazi shambani hubeba udongo ndani ya kingo za matairi, juu ya tangi, na hasa chini ya plastiki inayofunika sakafu ya sanduku. Ing'oe plastiki hiyo kabisa. Utapata mambo mawili kwa pamoja: udongo wa kuosha, na kutu ambayo muuzaji hakukuonyesha, kwa sababu maji huingia pembeni mwa plastiki na hayana pa kutokea. Bonyeza bati kwa kidole gumba kwenye pembe nne za sanduku. Likibonyea au likatoa sauti ya makaratasi, limeoza.

Kwa upande wa mashine una bahati. V8 ni LS1 ya lita 5.7, spea zake zimejaa Marekani. Iwashe ikiwa baridi: pistoni hugonga ukuta wa silinda dakika za mwanzo kisha hunyamaza injini ikipata joto. Hilo ni la kawaida kwa LS1 za zamani. Kugonga kusikoisha ndiko kwa kuogopa. Kama gia ni otomatiki, hiyo ni 4L60-E. Mwambie fundi atoe mafuta ya gia kidogo, yanuswe. Yakinuka kuungua, sahani za gia ya 3 na ya 4 zinaelekea mwisho, na siku moja gari litabaki na ya 1 na ya 2 tu.

Taa kubwa usizisahau. Za Australia zimeinamisha mwanga kushoto, maana huko huendesha kushoto. Kwa barabara za Arizona mwanga huo unampiga usoni anayekuja. Kushusha taa hakutoshi, lazima zibadilishwe.

(Wasomaji wa California: kwenu ni habari nyingine. Gari la 1976 na kuendelea lazima lipite kipimo cha moshi cha jimbo, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya gari. Msinunue kwa kutegemea miaka 25 peke yake.)

Swali: *Niko Muscat. Jamaa zangu Marekani wananiuliza kama naweza kuwapatia vifaa vya usukani wa kushoto kwa Holden. Vinapatikana huku?* – Msomaji, Oman

Jibu: Ndiyo, na wewe ndiye uliye karibu navyo kuliko wengi. Commodore ya Holden, gari ambalo yuti yake imejengwa juu yake, iliuzwa Ghuba kwa jina la Chevrolet Lumina, usukani kushoto tangu kiwandani. Lumina za mwanzo ni ndugu wa karibu wa yuti aina ya VU. Ukiingia kwenye yadi ya magari yaliyogongwa, usinunue kipande kipande. Chukua Lumina moja iliyogongwa nyuma ikiwa mbele ni nzima, utoe vyote: dashibodi na nyaya zake zote, nguzo ya usukani na raki, pedali na mabano yake, busta ya breki na masta silinda, sanduku la hewa baridi na moto, mitambo ya waipa, taa kubwa mbili, na swichi za milango. Nyaya zichomolewe kwenye soketi, zisikatwe. Anayekata nyaya ili amalize kazi mapema humwachia fundi wa mwisho mamia ya ncha zisizo na majina.

Jamaa zako wajue pia kwamba usukani wa kulia kwa gari la umri huo unaruhusiwa huko. Kuhamisha ni hiari. Bati linalotenganisha injini na dereva litahitaji kutobolewa na kuzibwa, na ukichomelea vibaya, pedali ya breki inalegea pale inapofungwa. Kama hawana fundi wa bodi wanayemwamini, waache kulia.

Swali: *Je, nikikata Pontiac G8 na kuipachika sehemu ya nyuma ya Holden Ute aina ya VE, si nimepata G8 ST?* – Msomaji, Minneapolis

Jibu: Kipimo kati ya ekseli za G8, gari la milango minne, ni milimita 2,915. Cha yuti ni 3,009. Hizo milimita 94 ziko sakafuni, kwa hiyo huhamishi bati la nyuma tu, unahamisha sakafu, mabomba ya breki na mafuta, na shafti ndefu zaidi. Inafanyika. Lakini usithubutu kufanya kinyume chake, yaani kuleta yuti nzima na kuipachika namba ya chesisi ya G8. Huo ni uhalifu, na gari hutaifishwa.

Swali: *Yuti yangu aina ya VU inakula matairi ya nyuma upande wa ndani tu. Nabeba vifaa vya ujenzi.* – Msomaji, Perth

Jibu: VU ndiyo Holden Ute ya kwanza ambayo kila gurudumu la nyuma linacheza peke yake. Mkono unaolishika umekaa mshazari, na mzigo ukishusha mkia, gurudumu huinama kwa ndani juu na kubadilisha mwelekeo wake kidogo. Kuinama peke yake hula taratibu, mwelekeo ndio unaosaga. Badilisha kwanza busha za mikono hiyo, maana mpira uliochoka huongeza kosa. Kisha weka busha zinazorekebishika na koili nzito zaidi, upime mpangilio wa magurudumu ukiwa na mzigo wako wa kawaida ndani ya sanduku. Kupima gari tupu hakukusaidii. Kama mzigo ni mzito kila siku, Falcon Ute yenye ekseli ngumu na springi bapa inakufaa zaidi, zipo za kubeba tani moja.

Swali: *Hapa Mombasa tunaweza kuagiza yuti ya Holden ishike nafasi ya Pijo 504 pikapu?* – Msomaji, Kenya

Jibu: Usukani ungewafaa, umri hapana. Kenya hairuhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, na yuti ya mwisho ya Holden ni ya 2017. Itunze 504. Ina springi bapa na ekseli ngumu, na inabeba zaidi ya tani moja bila kuinamisha tairi. Ikichemka, usikimbilie kubadilisha gasketi ya kichwa peke yake: slivu za injini hiyo zimezungukwa na maji, na kila unapofungua kichwa lazima zifungwe kwa vibano zisinyanyuke, kisha zipimwe zimejitokeza juu ya bloku kwa kiasi sawa zote nne. Fundi akiruka hatua hiyo, maji yataingia kwenye oili ndani ya miezi michache, nawe utailaumu gasketi mpya.