Re: Kupaki tela la kulala ufukweni Msimbati

Mkuu, umeuliza utapakije tela lako la kulala ufukweni Msimbati, huko Mtwara, bila kunasa wala kukera wenyeji. Kwanza pale ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay, kwahiyo lipia kiingilio mapema na uulize wapi panaruhusiwa kulala. Alafu usipaki mchangani karibu na maji hata kama pakavu, bamvu (maji kujaa sana) la mwezi mpevu linapanda mita kadhaa na usiku umelala utashtukia maji yapo kwenye ekseli, we angalia mstari wa majani bahari ilipoyatupa afu panda juu zaidi. Chini ya mnazi pia hapana, nazi ikidondoka inatoboa bati. Kurudi rivasi shika usukani chini, mkono ukienda kulia na tela linaenda kulia, na mtu mmoja ashuke akuelekeze. Punguza upepo kwenye tairi usinase mchangani, na weka mawe kwenye tairi za tela kabla hujalikata kwenye gari.

Na tafadhali sana usizibe njia ya wavuvi, wanashusha ngalawa alfajiri, wasalimie kwanza. Jenereta zima mapema, taa za kumulika pwani pia, kasa wanapanda kutaga usiku na mwanga unawapoteza. Taka zote rudi nazo Mtwara mjini.