Jibu: Kucheza sataranji na anayekuzidi alama 400

Ndugu, umeuliza iwapo ubadilishane kete haraka ili upate sare na mpinzani wako wa Jumamosi hapa Nairobi, ambaye anakuzidi alama 400. Sikushauri. Kwa hesabu ya Elo, yaani mfumo unaopima nguvu za wachezaji kwa alama hizo, aliye nyuma kiasi hicho hutarajiwa kupata takriban pointi 9 katika michezo 100, sare zikihesabiwa nusu, na malkia wakishaondoka ubaoni ndipo mwenye nguvu hukukamua polepole, kwa kuwa hatua ya mwisho ya mchezo, kete zikiwa zimebaki chache, hasa ile ya ngome na vitunda (zile kete ndogo za mbele), ndiyo aliyoisomea zaidi. Mfalme wako akiwa salama, mwachie ubao uliojaa, apige hesabu huku saa yake ikienda. Akikupa sare, ichukue bila haya: ikiwa kigezo chako cha K, yaani namba inayoamua alama zako zibadilike kiasi gani kwa mchezo mmoja, ni 20, utaongeza takriban alama 8.