Nimekubali mpangaji alipe malimbikizo kwa awamu. Je, riba imekufa?

Swali: Pole na kazi, wakili. Nina fremu Morogoro, nimeipangisha kwa laki nane kwa mwezi, na kodi inatakiwa iingie kila tarehe 1. Mkataba unasema akichelewa atalipa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Mpangaji hakulipa Februari, Machi wala Aprili. Tarehe 1 Mei nilimwandikia WhatsApp: "Sawa, lipa laki sita kila mwisho wa mwezi mpaka deni liishe." Mei na Juni amelipa, na kodi za miezi hiyo mipya analeta kama kawaida. Sasa nimemdai riba ya Sh168,000. Anasema nilipokubali awamu nilikuwa nimeshaisamehe. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mama, haki ya riba unayo, ila hesabu yako imezidi. Na ule ujumbe wa tarehe 1 Mei umeacha mwanya ambao inabidi uuzibe wiki hii hii, kabla awamu ya Julai haijaingia.

Nianze na haki yenyewe. Kwa Tanzania Bara, kuchelewa kulipa kodi ya pango hakuzai riba kwenyewe. Riba ya kipindi cha kabla ya kufungua shauri lazima iwe na mzizi, na kwa wapangishaji wengi mzizi huo ni kifungu cha mkataba. Wewe unacho. Kiwango cha asilimia 12 kwa mwaka nacho hakimshtui hakimu. Nasema hivi kwa sababu mikataba mingi ya mitaani huandikwa "faini asilimia 10 kwa mwezi". Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa mwathirika fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa, kwa hiyo faini ya namna hiyo hukatwa hata kama mpangaji aliitia saini kwa hiari yake.

Sasa hesabu. Sh168,000 umeipata kwa kuchukua deni zima la Sh2,400,000 na kulitoza miezi saba, Februari hadi Agosti. Hapo kuna makosa mawili. Kodi ya Aprili haikuwa deni mwezi Februari, na fedha aliyokwisha kulipa haiwezi kuendelea kuzaa riba. Kila kodi ina siku yake ya kuanza kuchelewa, na kila awamu inapunguza kiasi kinachotozwa.

Laki nane kwa asilimia 12 kwa mwaka ni Sh263.01 kwa siku. Hadi tarehe 31 Mei, kodi ya Februari imechelewa siku 119 (Februari ikiwa na siku 28), ya Machi siku 91, na ya Aprili siku 60. Jumla ni siku 270, sawa na Sh71,014. Siku hiyo analipa laki sita, linabaki deni la Sh1,800,000, ambalo kwa siku 30 za Juni linazaa Sh17,753. Analipa tena, Sh1,200,000 inakaa siku 31 za Julai na kuzaa Sh12,230. Laki sita ya mwisho inakaa siku 31 za Agosti: Sh6,115. Akimaliza tarehe 31 Agosti bila kuchelewesha awamu yoyote, riba yote ni Sh107,112. Umemzidishia karibu Sh61,000, na dai lililozidishwa namna hii ndilo linalompa mpangaji sababu ya kugoma kulipa hata ile iliyo halali.

Hapo nimechukulia kwamba kila awamu inapunguza kodi kwanza na riba inawekwa kando mpaka mwisho. Mkataba wako ungesema malipo yaanze kufuta riba, jumla ingepanda kidogo. Kwa kuwa haukusema, chukua njia hii. Atakosa pa kuipinga. Na usiichanganye riba na deni halafu ukaitoza riba nyingine, maana hilo hamkukubaliana.

Turudi kwenye hoja yake ya msamaha. Sheria ya Mikataba inamruhusu mdai kumwongezea mdaiwa muda, au hata kusamehe sehemu ya deni. Ujumbe wako uliongeza muda, haukutaja msamaha. Kwa hiyo riba iliyokwisha kuiva hadi tarehe 1 Mei, yaani siku 180 kwa jumla ya kodi zote tatu, Sh47,342, imesimama imara. Ubishi uko kwenye Sh59,770 zinazofuata: atasema tarehe za kulipa zilihamia mwisho wa mwezi, kwa hiyo tangu Mei hajachelewa. Utamjibu kwamba uliahirisha kudai tu na hukugusa kifungu cha riba. Naona jibu lako lina nguvu zaidi, lakini maneno "mpaka deni liishe" yanavutwa pande zote mbili, na ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Huwezi kuukana.

Mwandikie leo, kwa namba ile ile: "Awamu tulizokubaliana tarehe 1 Mei zinahusu kodi ya Februari, Machi na Aprili. Riba ya asilimia 12 kwa mwaka iliyo kwenye mkataba inaendelea kwa salio, na italipwa kwa mkupuo baada ya awamu ya mwisho. Awamu moja ikikosekana, salio lote linadaiwa mara moja. Nijibu kama umekubali." Akijibu "sawa", umemaliza ubishi. Akikataa, bado una mkataba, na umejua mapema atasimamia wapi.

Angalia sana risiti. Wenye nyumba wengi hupoteza riba kwa kalamu yao wenyewe: awamu ya mwisho ikiingia, wanaandika "Nimepokea, hadai wala hadaiwi." Wewe andika "Nimepokea Sh600,000, sehemu ya kodi ya Aprili. Riba haijalipwa." Mpangaji wako akiwa kampuni inayokata zuio la asilimia 10, yaani kodi ya serikali anayoikata kwenye pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), ile Sh80,000 ya kila kodi iliyokwenda TRA si deni. Omba cheti cha zuio, na usiitoze riba.

Ikibidi kwenda kwenye shauri, omba riba kwa vipindi vitatu, kila kimoja peke yake: ya mkataba hadi siku ya kufungua shauri, ya kuanzia hapo hadi hukumu, ambayo iko kwenye hiari ya mahakama, na ya kuanzia hukumu hadi malipo. Usipoiomba kwenye hati ya madai, usitegemee kupewa. Hiyo ya tatu ni asilimia 7 kwa mwaka chini ya Amri ya XX, kanuni ya 21 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, isipokuwa pande zote zimekubaliana kwa maandishi kiwango kingine kisichozidi asilimia 12.

Kabla ya hapo hakikisha mkataba umelipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwako ni Sh96,000. Mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe, na kifungu chako cha riba kimo humo humo.