Jibu: Nyumba mita 50 kutoka ufukweni, niangalie nini kwanza?

Salaam mkuu. Umesema umepata nyumba kwenye kimji tulivu cha kisiwani, mita 50 tu kutoka ufukweni, na hujui ukague nini kabla ya kulipa kodi.

Anza na maji, mandhari baadaye. Nenda siku za bamvu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari ikiwa imejaa. Chota kisimani, onja, kisha nawa kwa sabuni. Yakiwa na chumvi sasa, kiangazi yatazidi: maji yasiyo na chumvi huelea juu ya maji ya chumvi, na pampu ikivuta sana chumvi hupanda.

Pili, tazama dari na nguzo. Bawaba zenye kutu zisikutishe, utaweka za chuma cha pua. Ila plasta ikipasuka kufuata mstari wa nondo na kutoa madoa ya kahawia, achana nayo. Rangi mpya hapo ni vipodozi tu.

Utulivu wenyewe upo kweli, kila kitu unakifikia kwa miguu. Lakini boti hukwama upepo ukichafuka, kwa hiyo weka akiba ya dawa zako ya wiki 2. Na lala pale Jumamosi moja kwanza. Muziki husafiri mbali juu ya maji.