Ukumbi wa sanaa katikati ya mji wa Tabora: jibu la fundi mitambo

Mkuu, umeuliza kama manispaa ikijenga ukumbi mkubwa wa sanaa pale katikati, mji utaanza kuchangamka usiku. Mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti. Nimefunga spika kwenye harusi, kwaya, taarabu na maigizo ya shule karibu kumbi zote za hapa. Ukumbi utasaidia, ila sio kitu cha kuanza nacho.

Hali tunaijua. Magharibi ikiingia maduka yanafungwa, watu wanarudi zao Isevya, Ng'ambo na Cheyo, mjini wanabaki walinzi. Mnaokumbushia enzi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids mna hoja, lakini tazameni bendi zile zilikula wapi. Reli ya Kati ilifika hapa 1912, njia ya Mwanza ikakamilika 1928, Tabora ikawa njia panda. Watu wenye mshahara na wasafiri wenye nauli walikuwepo tayari, muziki ukawafuata. Sasa hivi tunataka muziki ndio uwavute watu, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Wenzetu wa Cleveland, Marekani, walipitia hayo. Kumbi zao za Playhouse Square zilifunguliwa 1921 na 1922, lakini mwisho wa miaka ya 1960 karibu zote zilikuwa zimefungwa, na nyingine zilitaka kubomolewa pawe maegesho ya magari. Bwana mmoja aliyekuwa mtumishi wa idara ya elimu, Ray Shepardson, hakusubiri mabilioni ya ukarabati. Mwaka 1973 aliweka onyesho la muziki kwenye sebule ya kuingilia ya State Theatre. Lilipangiwa wiki chache, likaenda zaidi ya miaka miwili. Ukarabati mkubwa ulikuja baadaye, watu wakiwa wameshazoea kurudi mjini usiku.

Hapo kwenye kuzoea ndipo tunapokwama. Sisi tunafanya tamasha moja, mgeni rasmi anahutubia, halafu kimya hadi mwakani. Kuna dada anakaanga chipsi karibu na ukumbi mmoja hapa mjini. Kila akiniona nashusha spika anauliza, "Kaka, leo mnatoka saa ngapi?" Anapiga hesabu ya trei za mayai. Akijua kila Ijumaa kuna watu, ananunua viazi mapema na kuongeza msaidizi. Asipojua, saa moja kashazima jiko. Bajaji nao hivyo hivyo: hakuna anayekesha kusubiri abiria wa kubahatisha.

Kwa hiyo mimi ningeanza na jukwaa la mbao, taa za kutosha na ratiba ya mwaka mzima iliyobandikwa sokoni na stendi. Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja jioni, saa tatu watu wametoka (huku tunalala mapema, tusijidanganye). Kwaya, ngoma za Kinyamwezi, vichekesho, singeli kwa vijana. Kiingilio kidogo. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ielekezwe pia kwa wauza vyakula wa eneo hilo.

Mkifika kwenye kujenga, tafadhali msijenge ukumbi wa harusi mkauita wa sanaa. Marumaru chini, vioo pande zote, sauti inagonga ukuta na kurudi mpaka mwigizaji haeleweki anasema nini. Bati tupu bila dari ndiyo balaa zaidi: mvua ya Machi ikianza, hata nikifungua mikisa (mashine ya kurekebisha sauti) yote ni kelele tu. Mlango mkubwa utazame barabarani, sio kujificha nyuma ya geti na ukuta, ili anayepita aone taa na asikie ngoma. Na vyoo viwe vingi upande wa wanawake. Foleni ya choo ndiyo inayowafanya kina mama waondoke kabla onyesho halijaisha, na wakiondoka wao, familia nzima imeondoka.