Mbona Linux niliyoisasisha inarudi ya zamani kila nikizima?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Niko Likoni, nina laptopu ya RAM GB 4. Rafiki yangu alinipa DVD ya Linux Mint 22, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, nikaiwasha ikaenda vizuri. Nikaisasisha, bando likaliwa karibu GB nzima. Asubuhi kuwasha, yote yametoweka, hata faili la hesabu za duka. Jana nimerudia, ikaniambia nafasi imejaa, na diski ya ndani ina GB 300 tupu! DVD ni mbovu? Na toleo jipya likitoka nichome nyingine?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. DVD ni nzima. Ila Linux hujaisakinisha bado, umeiwasha tu. Mfumo ukiwaka kutoka kwenye DVD, kila unachoandika kinakaa kwenye RAM, na RAM ikikosa umeme haikumbuki kitu. Hiyo nafasi iliyojaa basi haikuwa ya diski ya ndani, bali kipande cha zile GB 4, ambazo kivinjari nacho kinazigombania. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ndiyo hasara tupu: hata ukiipakua mpya, laptopu ikiwaka inasoma ile iliyochomwa kwenye DVD, na hapo hapaandikiki tena. Faili la hesabu, pole, limekwenda.

DVD ni ya kupimia. Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Skrini inapunguza mwangaza? Ukiridhika, bonyeza kijipicha cha kusakinisha kilichoko kwenye deskitopu. Chomeka chaja kwanza, na betri iwe imejaa. Stima zetu unazijua.

Kuna ukurasa mmoja wa kusoma polepole, ule unaouliza Linux ikae wapi. Chaguo la kufuta diski linafuta kila kitu, Windows na picha pamoja. Mimi niliwahi kulibonyeza kwa haraka nikafuta picha za arusi ya dada yangu, na mpaka leo nikienda kwake nakumbushwa kabla ya chai. Nakili vitu vyako kwenye flashi, kisha uichomoe kabisa. Ukitaka kubaki na Windows, chagua kusakinisha kando yake, lakini uwe umeizima Windows kikamilifu, si kuilaza.

Ikimaliza, toa DVD, washa upya. Sasa ndipo bando lina faida. Fungua kidhibiti cha masasisho, kile chenye alama ya ngao pale chini kwenye upau, au uandike kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Amri ya kwanza inaleta orodha tu, ya pili ndiyo inayopakua na kusakinisha. Wengi huishia ya kwanza wakadhani wamemaliza.

Toleo jipya halihitaji DVD. Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itapata masasisho ya usalama hadi 2029. Kupanda hadi 22.1 na kuendelea kunafanyika ndani ya kidhibiti hichohicho, kwenye menyu ya kuhariri. Kabla ya kupanda, piga nakala ya mfumo kwa programu ya Timeshift, imo tayari.

Hiyo DVD usiitupe. Siku mfumo ukikataa kuwaka, utaingilia kwayo, ufungue diski ya ndani na kutoa mafaili yako.